Pai ya Mboga ya Akinyi, Bila Yai

Jumamosi jioni, mwezi wa nne, Nyalenda, Kisumu

Mvua ilianza asubuhi, mchana ikapumzika kama mtu aliyekwenda kula, halafu ikarudi. Sasa yamebaki matone tu kwenye mabati. Nguo nilizofua hazijakauka. Mimi mwenyewe moyoni sijakauka, lakini si kwa ubaya. Ngoja nieleze polepole, maana mkono wangu si mwepesi. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo mimi na kalamu tunasalimiana tu.

Dani yuko hapa tangu Alhamisi. Dani ni bibi, mama wa mume wangu. Watoto wa huku wanaita bibi zao hivyo, na mimi binti wa Maragoli nimezoea. Alishuka kutoka Ahero na mfuko wa mchele wa kwao, akakaa, akanyoosha miguu, akasema, "Shule zimefungwa. Nimekuja kuchukua msichana wangu. Wiki tatu, halafu namrudisha."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilisema, "Mama, kwanza kunywa chai."

Tangu Alhamisi nimempa chai nyingi sana.

Baba Akinyi yuko Awasi kwenye kazi ya barabara, hurudi mwisho wa mwezi. Nilimtumia ujumbe kwa mwenzake. Jibu likarudi: wewe ndiye unajua mtoto, amua wewe. Wanaume wakitaka kukwepa jambo wanakupa heshima.

Na kuamua ndiko kumenishinda. Akinyi ana miaka minane na mwili wake hautaki yai. Si kwamba hapendi. Zamani nilidhani hapendi tu, maana alikuwa anasukuma sahani, na mimi nilimwita mwenye madeko. Kumbe mwili ulikuwa unajua kabla yangu. Krismasi iliyopita Dani alikuwa hapa, nami nilikuwa nimemkaangia mayai mawili na nyanya, kama ninavyomfanyia kila akija, kwa sababu mama mkwe huwezi kumpa chai kavu. Nilitoka nje kuchuja chai. Nilipoingia, Dani alikuwa amehamisha yai lake kwenye sahani ya Akinyi, na mtoto ameshalila nusu.

Midomo ilivimba kwanza. Halafu macho. Halafu akaanza kupumua kwa mlio, kama filimbi ya mtoto iliyoingia maji.

Nilimbeba mgongoni msichana mkubwa hivyo nikakimbia naye. Viatu sijui niliviacha wapi. Hospitali walimchoma sindano, akalala, nikakaa chini sakafuni nikishika mguu wake. Daktari akasema ni yai, mama, hata tone usimpe, na uangalie keki, uangalie biskuti, uangalie kila kitu anachopewa na watu.

Nimeangalia. Mungu ni shahidi, nimeangalia mpaka nimekuwa kama askari wa mpakani. Nanusa mandazi ya watu. Namuuliza mwalimu. Kanisani nikiona mtu anatoa kitu kwenye mfuko, shingo yangu inageuka yenyewe. Na jirani yangu wa mlango wa pili, Mama Beryl, anauza mayai ya kuchemsha na kachumbari pale barabarani kila jioni. Siwezi kumkataza. Ndiyo riziki yake. Lakini maganda yakipeperuka mpaka mlangoni kwangu nafagia kama ninayefukuza nyoka.

Mwezi wa pili Akinyi alialikwa sikukuu ya kuzaliwa ya rafiki yake wa darasani. Nilikwenda naye. Watoto wakazunguka keki, wakaimba, keki ikakatwa, kila mmoja akanyoosha mkono. Akinyi alikuwa pembeni na ndizi niliyombebea. Hakulia. Njiani tukirudi akaniambia, "Mama, siku moja mimi pia nataka chakula ya kukatwa na kisu. Ile kila mtu anapewa kipande, na mimi napewa kipande."

Hilo neno halijanitoka.

Na kuna jingine ambalo sijamwambia mtu. Tangu Krismasi, nilikuwa nimemwekea Dani kitu. Namsalimia kwa mikono miwili, namtandikia kitanda kizuri, lakini ndani moyo umekunja ngumi. Nilijiambia, huyu mzee hana uangalifu. Ampe mtoto wangu chakula bila kuuliza, halafu leo niseme mchukue, nenda naye Ahero, kule kuku wanapita kati ya miguu na hospitali haionekani? Na mvua hii? Kila mwaka mafuriko ya Kano, bonde lote la kule, yanaingia kwenye nyumba za watu.

Basi nilikaa katikati, na birika la chai.

Alhamisi hiyo hiyo mchana, nilipokuwa sokoni na mboga zangu, akaja mteja wangu Mama Jigna. Ni mama wa Kihindi wa kule mjini, hununua kwangu spinachi na hoho kila wiki, na lazima agombane nami kidogo ndipo afurahi. Aliniona nimenyong'onyea. Akauliza, nikajikuta namwambia habari ya Akinyi, hata ya ile keki na ndizi. Akapiga ulimi. Akasema, "Lakini sisi nyumbani yetu hakuna yai kabisa, tangu babu. Dini yetu. Na sisi napika kila kitu."

Akanifundisha hapo hapo, amesimama, hoho mkononi. Dada yake anaishi Ulaya, na kule kuna pai ya mboga wanaiita kishi. Wazungu wanaitia mayai ndiyo ishike. Yeye anatia unga wa dengu, ule wa kupikia bhajia. Unauchanganya na maziwa mpaka uwe kama uji mwepesi, chumvi, manjano kidogo, hamira kidogo. Unamimina juu ya mboga. Ukiiva unashika wenyewe, na rangi inakuwa ya dhahabu. "Mtoto hatajua," akasema. "Watu hatajua."

Nikamwambia sina oveni. Akafikiri. Akasema, "Hiyo mimi sijui. Hiyo wewe ndiyo najua."

Usiku wa Alhamisi nikajiambia hivi: kabla sijasema lolote kuhusu Ahero, mtoto ale chakula chake cha kukatwa. Ikiwa ataenda, aende amekula. Ikiwa nitamkatalia, awe na kitu cha kumpoza. Jana nikanunua unga wa dengu kwa duka la Wahindi, na majarini na maziwa. Mboga ninazo, ndiyo kazi yangu.

Leo mvua ilipopumzika mara ya kwanza nikaanza.

Nilisugua unga wa ngano na majarini kwa vidole mpaka ukawa kama makombo, nikatia chumvi na maji baridi kidogo, nikaufunika. Akinyi akakata karoti. Anakata vizuri, lakini ulimi lazima utoke nje. Nikakaanga vitunguu, karoti, hoho na spinachi mpaka maji yote yakakauka, maana Mama Jigna alisisitiza hapo, akasema mboga ikiwa na maji pai italia. Nikasukuma unga kwa chupa tupu ya soda, nikautandika kwenye sufuria ndogo, nikaweka mboga, nikamimina ule uji wa dengu. Ulikuwa na rangi nzuri, hata mbichi.

Oveni yetu sisi tunaijua. Unachukua sufuria kubwa, unaweka mchanga chini, unaingiza ile ndogo, unafunika, makaa kidogo chini na makaa mengi juu ya mfuniko. Nimewahi kuwaona wenzangu wakipika keki hivyo. Mchanga nilichota kwenye rundo la fundi anayejenga kiwanja cha pili. Nilimwomba. Akasema, chota mama, mvua yenyewe inachota.

Dani alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, anachambua mchele, ananitazama. Hakusema kitu.

Tukangoja. Nikafunua.

Moshi mweupe ukanipiga uso. Haukuwa moshi, ulikuwa mvuke. Ule mkate wa chini ulikuwa umelowa, mweupe, unateleza kama ngozi ya mtu aliyekaa kwenye maji siku nzima. Dengu ya juu ilikuwa imeshika, lakini imelegea. Akinyi alichungulia, akanitazama, akasema haraka, "Ni sawa tu, Mama." Mtoto akikuhurumia ndipo unajua umeharibu.

Mama Beryl alisikia harufu, akaja na sahani yake bila kualikwa, kama kawaida. Akaonja. Akatafuna kwa makini kama mtu anayepima kitambaa.

"Ni tamu," akasema. "Lakini haina mifupa."

Dani akacheka mpaka mchele ukamwagika. Ndipo akasema, "Nyar Maragoli, hiyo hukuoka. Umechemsha." Ananiita hivyo, binti wa Maragoli, tangu siku niliyoolewa. "Mchanga yako ilikuwa imekunywa mvua usiku mzima. Sasa umeiwekea moto, itafanya nini? Itatema."

Nikashika kiuno. Wewe uliona, nikamwambia, na ukanyamaza?

"Kwa jikoni ya mtu mwingine, mimi nangoja kuitwa."

Nikamwita. Nilisema, "Basi Mama, njoo." Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza tangu Krismasi kusema neno hilo na kulimaanisha.

Akaja na kigoda chake. Kumbe kwao wanakaanga njugu kwa mchanga, si kwa mafuta, na yeye amekaanga njugu tangu akiwa mdogo kuliko Akinyi. Akamwaga mchanga wote kwenye sufuria kubwa, akaipandisha kwenye moto peke yake, bila kitu ndani, akaanza kuugeuza kwa mwiko. Ukatoa mvuke, ukatoa tena, ukanyamaza. Ukabadilika rangi. Akamwambia Akinyi aloweshe kidole arushe tone. Tone likaruka kama panzi, likapotea. Akinyi akapiga kelele ya furaha, akataka kurusha tena na tena.

"Sasa imeacha kulia," Dani akasema. "Sasa leta chakula."

Unga wa ngano ulikuwa umebaki wa kutosha mara moja. Dengu na mboga bado zilikuwepo za kutosha. Nilikuwa natandika ule mkate wa pili kwenye sufuria, polepole, maana nikiharibu tena basi, ndipo Mama Beryl akarudi kutoka kwake. Mkononi ana mayai mawili mabichi.

"Mama Akinyi, mimi sipendi kuona mtu anahangaika. Shida si mchanga. Shida ni hii. Unga bila yai ni kama ndoa bila mahari, siku moja itaachana tu. Chukua, ni zawadi. Ikiiva sana haiwezi kumdhuru mtoto, si ni moto?"

Mimi niliganda. Najua ni mtu mwema. Mwaka jana nilipougua malaria ni yeye aliyenipikia uji. Lakini mayai yale yalikuwa juu ya meza yangu, karibu na unga wangu, na mdomo wangu haukufunguka. Nilikuwa natafuta maneno yasiyomuumiza, na nilipokuwa natafuta, Dani akanyoosha mkono mrefu, akamrudishia.

"Toa hizo, mama. Hapa hatutumii."

"Najua ni kwa sababu ya mtoto, Dani, lakini—"

"Si mtoto peke yake. Ni mimi pia. Yai haijaingia kwa hii mdomo tangu nizaliwe."

Mama Beryl akacheka. "Dani, sisi si watoto. Hata ya kuonja?"

"Hata ya kuonja. Sisi tulikatazwa. Msichana hali kuku, hali yai, hiyo ilikuwa sheria ya nyumba zote. Mama yangu alizeeka akakufa hajaonja. Sasa nyinyi mnakula, tena mnauza na kachumbari juu. Sawa, kuleni, dunia imegeuka. Lakini tumbo yangu ilishazoea. Kwangu, yai inalala chini ya kuku mpaka itoke na miguu yake yenyewe. Mzee wangu alipokuwa hai nilimchemshia kwa mkebe, nje, na hiyo mkebe ilikaa huko nje. Sufuria zangu hazijui harufu ya yai."

Bibi yangu mzaa mama alikuwa anasema maneno kama hayo. Lakini mimi nimelelewa hapa Kisumu, kwenye nyumba za kazi za baba, na nilidhani mambo hayo yaliisha na watu wake. Miaka yote hii sikuwahi kuuliza. Nilisimama na mkate ule mkononi, umening'inia kama kitambaa, nikihesabu. Kila mara aliyokuja. Kila sahani niliyompelekea, mayai mawili na nyanya, na sahani ikirudi safi.

"Mama," nikasema. "Na yale niliyokuwa nakukaangia?"

Akatazama mchanga.

"Ulikuwa unayaleta na furaha sana. Ningekuambia nini? Kwamba mke wa kijana wangu ananipikia kitu mimi sili? Nilikuwa nangoja utoke, nawapatia watoto waliokuwa karibu. Watoto wa plot hii, milango yote, walikuwa wananipenda." Mwiko ukawa unachora kwenye mchanga. "Na ile ya Krismasi pia. Nyathina, ningejua itamfanya vile, ningeimeza mwenyewe. Hata kama mama yangu angeamka kaburini."

Nyathina ni mtoto wangu. Sijui kama alikuwa anamwita Akinyi au mimi.

Ningeimeza mwenyewe.

Ngumi ile ya moyoni, sikuifungua mimi. Ilifunguka tu, kama mkono wa mtoto aliyelala. Miezi hii yote nimemwona Dani kama mtu aliyempa mtoto wangu yai bila kujali, na kumbe alikuwa anaficha aibu isinipate mimi. Yai lenyewe nililikaanga mimi, kwa heshima, nikampelekea mtu asiyekula yai. Na hakuna hata mmoja kati yetu aliyefanya ubaya. Tulikuwa tunaheshimiana tu, bila kuulizana.

Nikasema, "Pole, Mama."

Akasema, "Geuza makaa, yatazima."

Na nyumba yake ndiyo niliyokuwa naiogopa kuliko nyumba zote. Nikatandika ule mkate, nikajaza mboga na uji wa dengu, tukaingiza kwenye mchanga, tukafunika, na nilipokuwa nageuza makaa ya juu ndipo niliona vizuri. Hapa mjini ninanusa mandazi, nafagia maganda, nageuza shingo kanisani. Kule Ahero kuna mama mmoja ambaye sufuria zake hazijawahi kuguswa na yai maishani mwake. Naweza kutafuta Kisumu yote, mpaka Milimani kwenye majumba yenye oveni, nisipate jiko kama hilo.

Bado niliuliza. Mimi ni mimi. Nikauliza maji yakija je. Dani akasema maji ya Kano hubisha hodi kwanza, si mwizi, na wao wameyazoea, wanajua kilima gani cha kwenda. Nikauliza akiugua je. Akasema zahanati iko karibu na kwake kuliko kanisa, na nesi ni mtoto wa dada yake, na ataenda kumwambia habari ya yai kabla hata ya kushusha mizigo. Nikauliza majirani wakimpa kitu je. Hapo alikohoa. Akasema, "Hapo tutaangalia."

Hapo ndipo hofu yangu ilipokaa. Kwa majirani. Kwa mikono ya watu wema.

Tukafunua sufuria.

Nisije nikasema uongo, kwanza nilifumba macho. Nilisikia Akinyi akivuta pumzi. Nilipofungua, pai ilikuwa imesimama. Pembeni mkate umekauka, umekuwa kahawia kama chapati iliyokaa vizuri, na juu dhahabu, na hoho nyekundu zinachungulia kama watu dirishani. Dani aliigonga kwa ukucha. Ikalia, tok tok.

"Sasa ina mifupa," Mama Beryl akasema, na akapiga makofi kwa nguvu kuliko sisi sote. Mimi nampenda huyo mama, sijui kwa nini huwa nasahau.

Tuliitoa, tukaiweka kwenye sinia katikati ya meza. Tukangoja ipoe kidogo. Akinyi alikuwa amevaa gauni lake la kanisa. Hakuna aliyemwambia avae. Nikatafuta kisu, na kisu chetu kilikuwa kifupi na butu, kile cha kumenyea viazi. Mama Beryl akasema, ngoja, mimi ninacho kirefu. Akakimbia kwake, akarudi nacho, kinang'aa, amekipangusa na kanga yake. Akakiweka juu ya pai, tayari kukata.

Kile kisu nakijua. Kila jioni kinapasua mayai katikati, yanapakwa kachumbari, yanapewa watu.

Nilikuwa upande wa pili wa meza. Mdomo wangu ulifunguka, safari hii ulifunguka. Lakini kabla sauti haijatoka, Akinyi alikuwa ameshaweka kiganja chake juu ya pai, kati ya kisu na chakula.

"Hapana, Mama Beryl. Hiyo ni kisu ya mayai."

Hakupiga kelele. Hakunitazama. Alisema kama mtu anayesema hicho kiti kimevunjika, usikalie.

Mama Beryl aliruka nyuma. "Uwi! Akinyi, nisamehe! Mimi mzee wa kusahau!"

"Si kitu," Akinyi akasema. "Tutatumia yetu, hata kama haikati vizuri. Asante."

Asante, akasema.

Nilikaa chini. Dani alinitazama kutoka upande ule, akainua nyusi zake, kama mtu anayesema, si uliuliza kuhusu majirani?

Basi tukakata na kisu cha viazi. Vipande vilitoka vibaya, kimoja kikubwa, kingine kama pembe ya ng'ombe, lakini vilikuwa vipande. Akinyi alisimama akagawa. Mama Beryl, kipande. Mimi, kipande. Kikubwa kuliko vyote akakiweka kwenye sahani kwa mikono miwili, akampelekea Dani, akapiga goti kama nilivyomfundisha.

"Dani, kula. Hii haina yai. Ni yetu sisi wawili."

Dani aliishika sahani ile muda mrefu. Halafu akala yote, mpaka makombo, mbele yetu, akiwa ametazama mlango. Hakumpa mtoto yeyote. Nilihakikisha.

Ladha? Ni nzuri. Si keki, na sitasema ni keki. Dengu inabaki kidogo kwenye ulimi, na nilizidisha manjano, vidole vyetu vyote ni vya njano hata sasa. Lakini Akinyi alikula vipande viwili, akaomba cha tatu akale polepole, na akakiacha nusu kwa sababu ameshiba. Nilikuwa sijui kwamba nilikuwa nangoja kumwona akiacha chakula kwa sababu ameshiba, si kwa sababu nimemkataza.

Nilipoosha sinia, nikauliza bila kugeuka, "Mama, kesho mtaondoka saa ngapi?"

Dani akasema, "Baada ya kanisa. Mimi nilidhani nitakunywa chai mpaka niimalize ya Kisumu yote."

Akinyi alipiga mbio nje akamwambie Beryl, mtoto wa jirani. Nilimsikia akipitia milango yote. "Naenda Ahero! Naenda Ahero!"

Sasa ameshalala, na Dani amelala. Nimempakia unga wa dengu uliobaki, na hoho sita, na karoti. Mchanga Dani amekataa nimpe, anasema Ahero mchanga upo, Mungu hakuwasahau. Kipande kimoja kimebaki, nimekifunga kwenye karatasi, kiwe cha njiani.

Hofu haijaisha. Sitaki kujidanganya. Najua kesho gari likiondoka nitasimama pale stendi kama mti, na nitarudi hapa nikute nyumba kimya, imetega masikio. Nitasikia mvua yoyote kama mvua ya Ahero. Lakini leo nimeona kiganja kidogo kikitangulia mdomo wangu, na sijui nitakisahau vipi, wala sitaki. Mimi nilidhani nimekuwa nikimlinda tu. Kumbe alikuwa ananitazama, anajifunza.

Mimi ndiye sasa ninayebaki kujifunza. Nani atanifundisha kukaa wiki tatu bila kunusa mandazi ya watu?

Begi lake liko mlangoni, limefungwa. Nimelifungua mara moja tu, kuweka sweta.